Shati la Jua Alilonishonea Mama

Enzi zetu kijana hakumwambia baba mdogo "hapana", na mimi sikumwambia. Alininyooshea shati jipya la dukani, akasema vua hilo la vipande uvae hili, nami nikavua. Hakunishikia fimbo wala hakunitishia. Ningekataa angeudhika kidogo, pengine angenitania mbele za watu, basi. Nimekuwa mzee sasa, meno yamebaki machache na wajukuu ni wengi. Nimekosea mambo yanayoonekana makubwa kuliko hilo, lakini nikiambiwa nirudishiwe siku moja tu niirekebishe, nitaomba ile.

Ila nikianza na kusema majuto peke yake nitawadhulumu wenzangu wa rika langu, maana utoto wetu ulikuwa mtamu. Mimi nilizaliwa Busawe, kwa wakulima wenye ng'ombe wachache na watoto wengi. Mnaokumbuka jua la Januari la wakati ule mnajua ninachosema: mvua imekatika, vumbi la njia ya ng'ombe linaunguza nyayo, kuku wanatembea wamefungua midomo. Shuleni tulikuwa na shati moja jeupe na kaptula moja ya kaki, na ole wako uende kuchunga ukiwa umezivaa. "Hiyo ni nguo ya mwalimu," mama alikuwa akisema. "Ivue kabla hujagusa mbuzi." Kwa hiyo tukifika tu nyumbani sare inatundikwa msumarini, uji wa mtama unanywewa kwenye kibuyu kimoja kwa zamu na ugomvi, halafu kila mtu anavaa shati lake la jua.

Shati la jua ni jina letu la nyumbani. Halikuwa na kola, halikuwa na mikono, halikuwa na kifungo hata kimoja. Mbele mraba, nyuma mraba, tundu la kichwa, na pembeni nafasi za kutolea mikono. Wavulana na wasichana tulivaa la aina moja. Upepo ulipita ndani yake kama unapita kwenye kichaka, na ukikimbia lilivimba mgongoni ukajiona una mabawa. Na hakuna mraba uliokatwa kwenye kitambaa kimoja. Mama aliuunga kwa masalio, kipande na kipande, kila kimoja na rangi yake.

Masalio tuliyapata kwa fundi. Fundi wetu alitokea Mugumu, akapanga chumba karibu na gulio, cherehani yake akaiweka barazani. Siku za gulio mama alipanga karanga zake chini, na mimi na dada yangu Bhoke tukaenda kumfagilia fundi baraza. Ujira wetu ulikuwa kile tulichofagia. Usidhani ilikuwa rahisi. Kulikuwa na wanawake waliotaka vipande hivyo vya kujazia mito, nao walikuja mapema na mifagio yao. Halafu kulikuwa na mimi mwenyewe, adui wa ndani. Wavulana tulikuwa na mpira wa matambara, na mpira ule ulikuwa na njaa kama mbwa. Kila wiki ulitaka kitambaa kipya. Nilikuwa naficha vipande ndani ya kaptula, na Bhoke, ambaye alinizidi umri na akili, alikuwa ananipekua njiani.

"Toa."

"Sina kitu."

"Mura, unatembea kama bata mwenye yai. Toa."

Nilitoa. (Mura kwetu ni kijana wa kiume; jina langu ni Mwita.) Mpira ulipata vipande ambavyo hata Bhoke aliviona havifai.

Mama alishonea pembeni ya ghala, kwenye kivuli, baada ya vyombo kuoshwa. Alivimwaga vipande mapajani, akaanza kuvichambua, na sisi tukakaa karibu. Hakuangalia rangi. Alikunja kila kipande kwenye kidole na kukivuta. "Rangi zitapatana zenyewe," alikuwa akisema. "Mzito na mwepesi ndio hawapatani." Kaki akaiweka begani, mahali jembe linapokaa. Kitambaa laini akakipeleka kwapani ili kisichubue. Chekundu hakukiamini mpaka akiloweke kwenye maji ya chumvi, maana alishawahi kutoa shati jeupe lenye madoa kama ya buchani. Alilaza kipande juu ya kipande, uso kwa uso, akashona kwa kurudi nyuma kila hatua ili mshono usikimbie, kisha akafungua mshono na kuupiga pasi kwa kitako cha sufuria iliyotoka jikoni. Tundu la kichwa alilipimia bakuli la mboga. Kila mtoto alikuwa na bakuli lake kwa sababu vichwa vyetu havikulingana, na cha kwangu, Bhoke hakuchoka kunikumbusha, kilikuwa kinapimiwa sufuria.

Mimi nilipewa sindano nikiwa sijaanza hata darasa la kwanza. Niliunga mistari iliyonyooka tu. Mikono ikifanya kazi, mama aliongea. Alijua kila kipande kimetoka kwa nani. Hiki cha suruali ya katekista, ile aliyochania kwenye seng'enge akifukuzwa na fahali. Hiki cha gauni la binti aliyeolewa Kewanja. Hiki cha pazia la mwalimu mkuu, tafadhali usiende nacho karibu na ofisi yake. "Ukivaa shati hili," alinambia mara moja, "umevaa kijiji kizima, kwa hiyo uwe na adabu."

Siku moja kijiji kilidai kitambaa chake. Nilikuwa kisimani na Bhoke tukichota maji. Akaja jirani yetu mama Robi, mwanamke mwenye mwili na sauti, akasimama nyuma yangu kimya. Kimya cha mama Robi kilikuwa jambo la kuogopesha.

"Wewe mura, hebu simama. Geuka tena. Hili ua la njano umelitoa wapi?"

"Shikamoo, mama. Kwa fundi."

"Shikamoo yako ikae hapo hapo kwanza. Fundi aliniambia kitambaa changu cha Krismasi hakikutosha mikono mirefu. Kumbe mikono yangu imeota mgongoni kwako!"

Alinishika shati, akaniongoza hivyo hivyo mpaka gulioni, ndoo nikaiacha. Fundi alikuwa anakanyaga cherehani. Alipoona mgongo wangu akaacha kukanyaga.

"Mama, hicho ni kipembe tu," alijitetea. "Hakifiki mkono."

Mama Robi akaulaza mkono wake mnene juu ya mgongo wangu, kutoka begani hadi kiunoni. "Enyi wanaume mliokaa hapo, huu si mkono? Au mimi nina mguu mabegani?"

Gulio lilicheka hadi wauza dagaa wakasahau kufukuza nzi. Mimi nilicheka pia, mpaka siku ya gulio iliyofuata, fundi alipotuambia tusimfagilie tena baraza. Mama hakugombana naye. Alimpelekea kibuyu cha togwa, akakaa, akaongea habari za mvua, na mwisho akasema, "Fundi, watoto hawakusema kitu. Kitambaa ndicho kilichosema." Fundi alicheka akaturudishia ufagio. Ila tangu hapo masalio yake aliyakatakata kwanza vipande vidogo, ili mwenye kitambaa asikitambue tena hata akikutana nacho kanisani. Mama alilazimika kuunga mara nyingi zaidi, na naapa mashati yake yakazidi kupendeza.

Nashukuru kwa siku hizo. Hatukuwa na kitu lakini hatukujua, na nadhani mama alifanya kazi kubwa ili tusijue.

Kisha ikafika Desemba yangu ya kutahiriwa. Kwetu hakuna mtoto asiyeingojea, hata anayejifanya haogopi. Baada ya kisu tuliuguza vidonda vyetu mahali petu, wavulana wa rika moja, mbali na mama zetu. Nami sikujua kwamba muda wote huo mama alikuwa pale pembeni ya ghala anashona. Asubuhi ya kutoka tulioga mtoni. Bhoke akaja na fungu la nguo, akaliweka juu ya jiwe, akasogea pembeni kwa heshima kama inavyotakiwa. Ndani kulikuwa na shati la jua.

Lakini hili halikuwa na kipande hata kimoja cha fundi. Kulikuwa na kipande cha kanga aliyonibebea mgongoni, kimepauka hadi maandishi hayasomeki. Kulikuwa na kaptula yangu ya kwanza ya shule, na ukosi wa koti la tata, baba yetu, lile alilolivaa hadi likamvua lenyewe. Mabegani aliweka kipande cha gunia la unga, la pamba, lililofuliwa mpaka likawa laini kama sikio la ndama. Alikuwa ameviweka vitu hivyo miaka yote bila kutuambia. Nililivaa. Lilikuwa na harufu ya sabuni na ya moshi wa nyumbani, na lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Ndipo baba mdogo alipotokea. Huyu alikuwa mdogo wake tata, mfanyabiashara wa Sirari, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka na mwenye saa ya mkononi. Alikuwa ameshika shati la tetroni, rangi ya bluu ya mbingu, lina kola, lina mfuko, bado lina pini za dukani. Wenzangu wote waligeuka.

"Mura," akasema, "tangu leo wewe ni mwanaume. Vua hilo la watoto, vaa hili. Mwanaume havai masalio."

Mwenzangu Marwa akacheka. "Mwache avae, baba. Akifika nyumbani watampa mbuzi akachunge."

Nililivua. Nililikunja, hilo nalikumbuka, sikulitupa, nikampa Bhoke. Bhoke akalitazama shati, akanitazama mimi.

"Nimwambie nini mama?"

"Mwambie mimi sivai tena vipande."

Baba mdogo aliniambia nivue tu. Maneno hayo hakunipa yeye, wala Marwa. Ni yangu mwenyewe, na nilitaka wenzangu wayasikie.

Sasa wenzangu wa huku mnaelewa, lakini kwa wasomaji wa mbali nieleze. Kwetu mtoto asiyetahiriwa anaweza kusema asubuhi hataki ugali na mchana akaula, hakuna anayejali, ni mtoto. Akishatoka kule, neno lake ni la mtu mzima. Mama yake halipingi, wala harudi nyuma yake kumuuliza kama alikuwa na maana hiyo. Anayeweza kulifuta neno hilo ni aliyelisema. Mimi siku yangu ya kwanza ya utu uzima, neno la kwanza nililompelekea mama yangu ni hilo.

Tulipofika nyumbani mama alipiga vigelegele kuliko wanawake wote. Alinitazama katika tetroni yangu, akasema, "Umependeza, baba." Aliniita baba. Nilivimba kichwa, hicho hicho cha kupimiwa sufuria. Shati la tetroni lenyewe lilininyonya jasho mgongoni kama ruba, na haikupita muda Bhoke akalipiga pasi ya mkaa, likayeyuka na kuacha tundu la umbo la pasi. Sikumlaumu. Nilimshuku kidogo, lakini sikumlaumu.

Na shati la jua? Mama hakuwa mtu wa kuacha kitu kioze. Alilifumua mshono kwa mshono, akavigawa vipande kwenye mashati ya wadogo zangu. Kiangazi kile nilikuwa nakaa na wanaume, naona ukosi wa koti la tata unapita mbio ukifukuza mpira, kile kipande cha kanga kinapanda mti. Mama alikuwa pale pembeni ya ghala, watoto wamemzunguka, anawaeleza kila kipande kimetoka kwa nani. Nilisikia sauti, sikusikia maneno. Kijana aliyetoka kutahiriwa hakai pale. Angekuwa na sababu angepita, angesema "mama, nipimie shati," na mama zetu wengi waliwashonea wana wao wakubwa, hata wenye ndevu. Mimi sababu hiyo nilikuwa nimeifuta mbele ya rika langu.

Maisha yakaenda. Nilisoma sekondari, nikaoa, nikahamia Mugumu kutafuta riziki. Kila nilipokuja kusalimia mama aliniletea kiti kizuri, akanipakulia nyama ya firigisi, akaniuliza habari za kazi, kisha akarudi kwenye vipande vyake. Nilimheshimu, akaniheshimu. Alizeeka, macho yakafifia, akawa anatungiwa uzi na wajukuu, akaendelea kushona. Kisha akafariki.

Likizo hii mjukuu wangu Ghati, anayesoma sekondari, alikuja na mfuko wa masalio aliyoyaomba kwa mafundi wa mjini. Ameona kwenye simu wasichana wa huko duniani wanashona vitopu vya joto kwa vipande visivyofanana, naye anataka chake. Vijana wa leo wana bahati, umaskini wetu umekuwa mtindo wao! Alipanga vipande vyake sakafuni kwa rangi, akavipiga picha kabla hata ya kutunga uzi, akawatumia wenzake, wakampongeza. Kitopu hakijazaliwa, kimeshapewa hongera. Akaunga jinzi na kitambaa chepesi cha mtandio, akavuta kidogo, mtandio ukachanika.

"Babu, kitambaa kibovu hiki."

"Si kibovu. Mzito na mwepesi hawapatani. Lete sindano."

Alinitazama kama mtu aliyesikia ng'ombe akisoma gazeti. Nilimwonyesha kuvuta kwa kidole, kulaza uso kwa uso, kushona kwa kurudi nyuma. Mikono haikusahau. Tulimaliza mbele, tukamaliza nyuma, tukakata shingo kwa bakuli, na hapo nikakwama. Ukingo wa shingo, ule utepe mwembamba unaozuia kitambaa kufumuka, mama alikuwa hajanifundisha. Alisema nitajifunza nikikua.

Tukampigia Bhoke. Aliolewa ng'ambo ya mpaka na Kiswahili chake kimeolewa huko huko. Ghati akaiweka simu katikati ya vipande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa, uko na kipande kirefu? Kikate kwa mshazari, usikate kwa kunyooka. Hivyo ndivyo kitazunguka shingo bila kukunjana. Nani anakushonea?"

"Babu."

Bhoke akacheka mpaka akakohoa. "Huyo? Si alisema havai vipande?"

"Sivai," nikasema. "Nashona."

"Na mama alivyokuwekea! Kila Januari alitenga vile vizuri, akavifunga kwenye fundo lake. Ukimwomba anasema acha hivyo, ni vya Mwita, siku akiomba visikosekane. Mpaka macho yalipokwisha ndiyo akanipa mimi. Kwani ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Ghati alikuwa anakata mshazari, ulimi nje, hakusikia kitu.

Watoto wa siku hizi wana nguo nyingi kuliko misumari ya kuzitundika. Sisi tulikuwa na moja, lakini tulijua mikono iliyoishona na hadithi ya kila kipande. Siwaonei wivu. Ghati alivaa kitopu chake jioni hiyo hiyo, bega moja limepanda kidogo, akaenda kwa wenzake anacheka, nami nilishukuru kwamba mama alinipa sindano mapema kiasi cha kuniachia cha kumpa mtoto huyu. Kwa mama, kwa Bhoke, hata kwa fundi wetu mwenye mkono mrefu, sina deni la malalamiko.

Lakini lazima niseme na gharama. Shati la dukani lilinigharimu kukaa karibu na mama yangu. Kuanzia asubuhi ile hadi siku tuliyomzika hakunishonea tena nguo yoyote, wala hakuniambia tena kipande kimetoka kwa nani. Yeye alingoja niombe, mimi sikuomba, na hakuna aliyekuwa ametuzuia.